Ujumbe umekwama wapi? Kutafuta hitilafu kwenye mfumo wa RabbitMQ

Simu ikilia saa nane usiku na mtu wa upande wa pili akasema "SMS za tiketi haziendi", mkono hukimbilia amri ya kuwasha upya. Uzuie. Ukiwasha upya huduma, miunganisho yote inakatika, jumbe zilizokuwa mikononi mwa wapokeaji zinarudi foleni, namba zinabadilika na ushahidi unafutika. Pengine SMS zitaanza kwenda. Kesho saa hiyo hiyo zitasimama tena, na hutakuwa na la kueleza.

Mfumo ninaoutolea mifano ni wa kuuza tiketi za mabasi. Malipo ya simu yakithibitishwa, huduma ya malipo inatuma ujumbe mmoja RabbitMQ, programu inayopokea jumbe za huduma moja na kuzitunza kwenye foleni hadi huduma nyingine zizichukue, na huduma tatu zinaupokea kila moja kwa kazi yake: ya viti, ya SMS na ya ripoti. Siku za kawaida unajiendesha. Kipimo chake ni Desemba, wakati wenyeji wa Kilimanjaro wanapopanda Moshi kula Krismasi na kila kiti kinagombewa. Makosa mengi yaliyomo humu tuliyafanya wenyewe, na karibu yote yalijionyesha wiki hizo.

## Namba mbili kwanza

Mtumaji haweki ujumbe kwenye foleni kwa mkono wake. Anaukabidhi kwa mgawaji, yule anayeonekana chini ya kichupo cha `Exchanges` kwenye ukurasa wa usimamizi, mlango (port) wa 15672. Mgawaji anasoma lebo ya ujumbe (`routing key`) na kuupeleka kwenye foleni zilizofungwa kwake. Foleni inautunza mpaka mpokeaji auchukue, aushughulikie, kisha akiri kwa `ack`. Hapo ndipo unafutwa. Kwa hiyo ujumbe uliokwama umekwama katika moja ya sehemu nne, yaani kwa mtumaji, mgawaji, foleni au mpokeaji, na amri hii inakuonyesha ni ipi:

```
rabbitmqctl list_queues name messages_ready messages_unacknowledged consumers
```

Tuseme imerudisha hivi:

```
sms.tiketi         0      4812   3
viti.thibitisha    9120   0      0
ripoti.mauzo       0      0      1
```

Namba ya kwanza ni jumbe zinazosubiri kuchukuliwa. Ya pili ni zile zilizokwisha kuchukuliwa lakini hazijakiriwa. Ya mwisho ni idadi ya wapokeaji. Mstari wa `sms.tiketi` unasema wapokeaji wapo, wamebeba jumbe 4812, na hawakiri. Wa `viti.thibitisha` unasema hakuna mtu dukani kabisa. Wa `ripoti.mauzo` ndio unaodanganya watu: sifuri na sifuri inaweza kuwa kazi imekwisha, na inaweza pia kuwa ujumbe haukuwahi kufika. Piga picha ya namba hizi, subiri nusu dakika, piga nyingine. Ukiwa na picha mbili unajua kama zinapanda, zinashuka au zimeganda, na kila moja ina ugonjwa wake.

## Mtumaji anasema ametuma, foleni iko tupu

Logi ya mtumaji inasema "umetumwa", hakuna kosa, na foleni haina kitu. Chanzo cha kawaida ni lebo isiyolingana. Mtumaji ameandika `malipo.yamethibitishwa`, foleni imefungwa kwa `malipo.imethibitishwa`. Herufi mbili tu. Mgawaji asipopata foleni yoyote inayolingana, anautupa ujumbe kimyakimya, na hiyo ndiyo tabia aliyoagizwa.

Linganisha matokeo ya `rabbitmqctl list_bindings` na lebo iliyo kwenye msimbo wa mtumaji. Nakili na ubandike, maana jicho husoma linachotarajia.

Kuna mtego hapa ulionimalizia nusu siku. Nilikuwa nimewasha uthibitisho wa upande wa mtumaji, ule ambao seva ya RabbitMQ inajibu kila ujumbe inaoupokea, nikajiona niko salama. Kumbe ujumbe usio na pa kwenda nao unathibitishwa: mgawaji ameupokea, ameona hauendi popote, kwake kazi imekwisha. Ukitaka urudishwe kwa mtumaji, utume ukiwa na alama ya `mandatory`, na uandike msimbo wa kushughulikia kinachorudi. Au mpe mgawaji mbadala kwa `alternate-exchange`, ili jumbe zisizo na njia ziangukie foleni moja unayoweza kuikagua. Mimi napenda hii ya pili, kwa sababu haitegemei kila mwandishi wa huduma mpya akumbuke.

## Zinazosubiri zinapanda, hakuna anayechukua

Wapokeaji wakiwa sifuri, nenda kwenye logi ya huduma yenyewe, si ya RabbitMQ. Mara nyingi imekufa wakati wa kuwaka: nenosiri limebadilishwa, au inajaribu kuingia na jina la `guest` kutoka mashine nyingine. Tangu toleo la 3.3.0 mtumiaji huyo anaruhusiwa kuingia akiwa kwenye mashine hiyo hiyo tu. Ndiyo maana inafanya kazi kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye seva.

Wapokeaji wakiwepo na foleni bado inapanda polepole, tatizo ni la hesabu. Ujumbe mmoja wa SMS ukichukua sekunde 0.5 kusubiri jibu la mtandao wa simu, mpokeaji mmoja anamaliza jumbe 2 kwa sekunde. Zikiingia 10 kwa sekunde unahitaji wapokeaji 5 ili tu kutokurudi nyuma, na zaidi ya hapo ili kumaliza deni. Kabla ya kuongeza, angalia hifadhidata. Tuliwahi kutoka wapokeaji 4 hadi 40, na hifadhidata ikalala kabla ya foleni kupungua.

## Zilizochukuliwa zimejaa, hakuna inayokiriwa

Hapa ndipo nimepoteza usingizi mwingi, kwa hiyo nitakaa.

Sababu ya kwanza ni ya aibu: msimbo haukiri. Mtu ameandika `if`, tawi moja lina `ack`, lingine halina. Ujumbe wa tiketi iliyoghairiwa unapita tawi lisilo na `ack`, unabaki mkononi mwa mpokeaji, na jumbe za namna hiyo zinalundikana hadi huduma iwashwe upya. Zikirudi foleni zinachukuliwa tena, zinakwama tena. Ukiona namba ya zisizokiriwa inapanda kidogo kidogo siku nzima kama maji ya kisima, tafuta tawi hilo.

Ya pili ni `prefetch`, yaani idadi ya jumbe ambazo mpokeaji anapewa kabla hajakiri. Usipoiweka, haina kikomo. Mpokeaji wa kwanza kuwaka anamiminiwa foleni nzima, na wenzake wanne uliowaongeza wanakaa bila kazi, wakati huo huo RAM ya yule wa kwanza inapanda hadi mfumo wa uendeshaji unamuua. Akifa, mzigo wote unarudi na kumwangukia wa pili. Tuliliona hilo Desemba moja: kontena tano zinakufa kwa zamu, na kwenye grafu inaonekana kama foleni inapumua. Tiba ilikuwa mstari mmoja:

```
channel.basic_qos(prefetch_count=20)
```

Kwa kazi nzito ya sekunde kadhaa weka 1. Kwa kazi nyepesi ya milisekunde chache, makumi hadi mia kadhaa. Hakuna namba takatifu. Pima.

Ya tatu ni kazi ndefu, na inakuja kwa sura mbili ambazo watu huzichanganya. Soma logi ya seva. Ikisema hivi:

```
missed heartbeats from client, timeout: 60s
```

basi mpigo wa moyo umekosekana. Mteja na seva hutumiana salamu fupi kuonyeshana kuwa wako hai, na kwa kawaida muda wake ni sekunde 60. Kwenye Python, `BlockingConnection` ya maktaba iitwayo `pika` inatumia uzi (thread) mmoja kwa kila kitu. Ukiushughulisha na kutengeneza ripoti ya dakika tano, hakuna anayejibu salamu, na seva inakata. Ripoti inakamilika vizuri kabisa, mpokeaji anajaribu kukiri kwenye muunganisho uliokwisha kufa, anashindwa, ujumbe unarudi foleni, ripoti inatengenezwa upya. Na upya. Peleka kazi kwenye uzi mwingine na ukiri kupitia `add_callback_threadsafe`. Kuzima mipigo kabisa kwa kuweka sifuri ni kuondoa king'ora cha moto kwa sababu kinapiga kelele.

Lakini logi ikisema hivi:

```
PRECONDITION_FAILED - delivery acknowledgement on channel 1 timed out. Timeout value used: 1800000 ms
```

mipigo ilikuwa sawa, ila ujumbe umekaa mkononi dakika 30 bila kukiriwa, na seva imefunga chaneli, ile njia ndogo ndani ya muunganisho. Unaweza kuongeza `consumer_timeout`. Binafsi kazi ya zaidi ya nusu saa naikata vipande, kila kipande na ujumbe wake.

## Prosesa iko juu, na ujumbe ni ule ule

Dalili: mpokeaji anakula prosesa yote, logi yake inajaa kosa moja kwa kasi ya ajabu, na kazi nyingine inatambaa. Ukifungua ujumbe unaona `redelivered` ni kweli. Huo ni ujumbe sumu. Mpokeaji anaushindwa, anaurudisha kwa `requeue=true`, foleni inampa tena papo hapo.

Wetu ulikuwa jina la abiria. Jina lilianza na Ng', na mtu alikuwa amejenga sentensi ya SQL kwa kuunganisha maneno badala ya kupitisha vigezo. Ile alama ya ng'ombe ikafunga maandishi katikati, hifadhidata ikakataa, mpokeaji akarudisha. Mfumo wa nchi yenye majina ya Ng' kila wilaya, na hakuna aliyejaribu hata moja.

Dawa ya haraka ni kutorudisha: `basic_nack` yenye `requeue=false`, na foleni iwe na `x-dead-letter-exchange` ili jumbe zilizoshindikana ziende kwenye foleni ya pembeni. Bila hiyo ya pembeni ujumbe unapotea, kwa hiyo fuata mpangilio: kwanza foleni ya pembeni, ndipo ubadilishe msimbo.

Ukitaka kujaribu tena baada ya muda, weka foleni ya kusubiria isiyo na mpokeaji, yenye `x-message-ttl` (muda wa ujumbe kuishi, kwa milisekunde) ya, tuseme, 30000, na mgawaji wake wa pembeni awe yule wa kazi. Ujumbe unalala sekunde 30 kisha unarudi. Usichanganye muda tofauti kwenye foleni moja ya kusubiria kwa kuweka TTL kwa kila ujumbe. Kwenye foleni za kawaida, muda ukiisha ujumbe hutolewa ukifika kichwani tu, kwa hiyo wa sekunde 5 uliokaa nyuma ya wa saa moja utasubiri saa moja.

Kwa wanaotumia foleni za kora, zile za `quorum` zinazotunza nakala za kila ujumbe kwenye seva kadhaa, toleo la 4.0 limeweka kikomo cha kurudishwa mara 20 bila kuombwa. Ni jambo jema, ila ujumbe ukivuka kikomo na hakuna pembeni iliyoandaliwa, unatupwa. Nimeona timu iliyopandisha toleo ikashangilia kwamba "sumu zimeisha".

## Abiria mmoja, tiketi mbili

Malalamiko yalikuja kwa njia ya kawaida: mama mmoja analipia kiti kimoja, anapata SMS mbili, ya kiti 14 na ya kiti 15, na dereva hajui aliyekaa wapi. Watu walikimbilia kulaumu RabbitMQ. RabbitMQ ilikuwa inafanya ilichoahidi: ukitumia `ack`, ujumbe unafika angalau mara moja. Angalau.

Fuata mlolongo. Mpokeaji wa viti anachukua ujumbe, anaandika kiti 14 kwenye hifadhidata, na kabla hajakiri muunganisho unakatika. Seva haijui kama kazi imefanyika. Inaurudisha, mpokeaji mwingine anaupata, kiti 14 kimejaa, anatoa 15. Upande wa mtumaji nako kuna mlango wa pili: ametuma, uthibitisho umepotea njiani, ametuma tena. Hizo ni jumbe mbili halali kabisa machoni pa seva, na `redelivered` haitakusaidia kwa sababu ya pili si ya kurudishwa.

Kwa hiyo mpokeaji lazima ajue mwenyewe kwamba kazi hii alishaifanya. Sisi tunaandika alama kwenye hifadhidata, ndani ya muamala ule ule unaoandika kiti:

```
INSERT INTO zilizokwisha (huduma, kumbukumbu_ya_malipo)
VALUES ('viti', $1)
ON CONFLICT DO NOTHING;
```

Jedwali lina kizuizi cha upekee kwenye safu hizo mbili. Ikirudisha mistari 0 iliyoingizwa, kazi ilishafanyika: kiri na uendelee. Muamala ukishindwa, alama na kiti vinafutika pamoja. Tazama pia kilichotumika kama kitambulisho. Ni namba ya kumbukumbu ya malipo, iliyotoka kwenye malipo yenyewe. Mara ya kwanza tulitumia UUID, yaani kitambulisho cha kubahatisha, iliyozalishwa wakati wa kutuma. Mtumaji akirudia kutuma anazalisha nyingine, na kizuizi kinapitisha zote mbili bila wasiwasi.

SMS ni ngumu zaidi, kwa sababu ikishatoka haiwezi kufutwa na muamala wowote. Pale tumekubali kwamba mara chache mtu atapata SMS mbili, mradi zote zitaje kiti kimoja.

Na kuna ndugu wa tatizo hili anayekwenda kinyume: malipo yameandikwa, ujumbe haukutumwa, kwa sababu huduma ilikufa kati ya `COMMIT` na kutuma. Kubadilisha mpangilio hakusaidii, kunageuza tu kosa, maana utatuma ujumbe wa malipo ambayo hayakuandikwa. Andika ujumbe kwenye jedwali la barua za kutoka ndani ya muamala wa malipo, kisha mchakato wa pembeni usome jedwali hilo, utume, usubiri uthibitisho, ndipo uweke alama. Utatuma mara mbili siku moja moja. Tayari tunajua cha kufanya na hilo.

## Watumaji wameganda, hakuna kosa popote

Huduma ya malipo imesimama. Haijafa, haina kosa, imesimama tu. Kwenye ukurasa wa usimamizi miunganisho imeandikwa `blocked`. Piga `rabbitmq-diagnostics alarms`.

RabbitMQ ikikaribia kuishiwa RAM au diski, inaacha kusoma kutoka kwa wanaotuma. Kwa RAM, kikomo kilikuwa asilimia 40 ya iliyopo hadi matoleo ya 3.13, na kuanzia 4.0 ni asilimia 60. Kwa diski, kikomo cha kuanzia ni MB 50 zilizobaki, na hiyo ni ndogo mno kwa mfumo wowote wenye kazi. Kwenye klasta, yaani seva kadhaa za RabbitMQ zilizounganishwa, kila moja ikiitwa nodi, nodi moja ikipiga king'ora, watumaji wa nodi zote wanazuiwa.

Sasa tatizo lenyewe. Kama huduma inatuma na kupokea kwenye muunganisho mmoja, seva ikiacha kusoma haisomi hata `ack` zake. Foleni haipungui kwa sababu hakuna anayekiri, king'ora hakizimi kwa sababu foleni haipungui. Tenganisha: muunganisho mmoja wa kutuma, mwingine wa kupokea. Usiku wa tukio, ongeza diski au futa logi za zamani, na uongeze wapokeaji wenye muunganisho safi.

## Kontena limewashwa upya na kila kitu kimetoweka

Foleni hazipo, watumiaji hawapo, japo diski ya nje imeunganishwa vizuri. Ingia ndani ya diski hiyo, `/var/lib/rabbitmq/mnesia`, uorodheshe. Ukiona saraka mbili, `rabbit@3f9c...` na `rabbit@a81d...`, umepata jibu. RabbitMQ hutunza data kwa jina la nodi, na jina la nodi hutokana na jina la mashine. Docker ikiunda kontena jipya hulipatia jina jipya, na seva inaanza maisha upya kando ya data yake ya jana. Weka `hostname` isiyobadilika kwenye faili la compose. Data yako bado iko pale, chini ya jina la zamani.

Kama saraka ni moja na jumbe tu ndizo zilizopotea huku foleni zikiwepo, foleni ilikuwa ya kudumu lakini jumbe hazikuwa. Weka `delivery_mode` 2, yaani ujumbe wa kudumu. Foleni za kora hazina shida hii, kwani huandika kila ujumbe diskini.

## Makosa mafupi

`inequivalent arg 'durable' for queue`: foleni ipo tayari na sifa tofauti na unazotangaza sasa. Sifa hazibadilishwi kwa kutangaza upya. Fungua foleni yenye jina jipya, hamisha, futa ya zamani ikiwa tupu.

`unknown delivery tag`: umekiri mara mbili, au umekiri kwenye chaneli tofauti na iliyokuletea ujumbe. Wanaogawana chaneli kati ya nyuzi ndio wateja wakubwa wa kosa hili.

Chaneli zinaongezeka bila kushuka: mtu anafungua chaneli kwa kila ujumbe na hafungi. Ukomo wa kawaida ni 2047 kwa muunganisho, na utaufikia wakati mbaya.

Nodi mbili kila moja inajiona ndiyo iliyobaki: mtandao umegawanyika. Kwa klasta zinazotumia Mnesia, hifadhi ya zamani ya taarifa za klasta, angalia `cluster_partition_handling`. Kwa klasta ya nodi tatu nachagua `pause_minority`, yaani upande wenye nodi chache unajisimamisha. Kwa klasta ya nodi mbili hakuna chaguo zuri, na nodi ya tatu ni nafuu kuliko usiku huo.

Tiketi imeghairiwa kabla haijatolewa: foleni ilipanga sawa, lakini wapokeaji watano wamechukua jumbe mfululizo na wa pili kamaliza kabla ya wa kwanza. `x-single-active-consumer`, yaani mpokeaji mmoja tu kwa wakati, inarudisha mpangilio kwa gharama ya kasi. Sisi tuliona kasi ni muhimu zaidi, kwa hiyo kila ujumbe unabeba namba ya toleo la tiketi, na huduma ya viti ikipata toleo la 2 kabla ya la 1 inaandika la 2 na kulipuuza la 1 litakapofika.